Kupiga Windows bila kupoteza vitu vyako

"Kaka, kwenye C una kitu cha maana?"

Swali hilo aliniuliza fundi mmoja miaka kadhaa iliyopita, kompyuta yangu ikiwa mezani kwake na flashi imeshachomekwa. Nikamjibu kwa uhakika kabisa: "Hapana, vitu vyangu vyote viko Desktop." Akaitikia, akabonyeza, na baada ya kama dakika arobaini nikarudishiwa mashine nyepesi, inayowaka haraka kuliko siku niliyoinunua. Desktop ilikuwa tupu. Humo ndimo nilimokuwa nimehifadhi sauti ya marehemu bibi yangu wa Pangani, saa tatu hivi za maongezi, akisimulia ukoo wetu ulikotoka.

Fundi hakunidanganya, wala mimi sikumdanganya. Tulitumia maneno yale yale, kila mtu na maana yake. Kwangu mimi C ilikuwa mahali fulani huko ndani ambako Windows inaishi, na Desktop ilikuwa hiki ninachokiona mbele ya macho. Kwake yeye C ni ile sehemu ya diski yenye Windows, Desktop ni folda moja tu miongoni mwa folda zilizomo ndani yake, na ukiifuta C umeifuta na Desktop. Tangu siku ile nimewasaidia ndugu na majirani wengi kuhamia mfumo mpya, na karibu kila niliyemkuta amepoteza kitu, alikipotezea pale pale nilipopotezea mimi: hakujua mfumo unaishia wapi na mali yake inaanzia wapi.

Safari hii aliyekuwa na shida ni dada yangu. Ana duka la steshenari Mbagala, anachapa barua za kuomba kazi, mitihani ya shule za jirani na kadi za harusi. Laptop yake, HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, ilianza kumwonyesha tangazo kwamba Windows 10 imefikia mwisho wa huduma. Akanipigia: "Njoo unipigie Windows 11 kabla haijazima."

Haizimi. Hilo ndilo la kwanza la kuliweka sawa.

Microsoft iliitoa Windows 10 tarehe 29 Julai 2015, na huduma yake ya kawaida ikakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya tarehe hiyo kompyuta inaendelea kuwaka, Word inafunguka, printa inachapa. Kilichokoma ni viraka, yaani yale masasisho ya kila mwezi yanayoziba matundu ya usalama kadiri yanavyogunduliwa. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Windows 10 na 11 zimejengwa juu ya msingi mmoja kwa sehemu kubwa. Kiraka kikitolewa kwa ajili ya 11, mtu mwenye nia mbaya anaweza kukichunguza, akajua tundu lilikuwa wapi, kisha akaenda kulitafuta tundu hilo hilo kwenye 10 ambayo haikuzibwa.

Ubaya wake tuliuona tarehe 12 Mei 2017, kirusi WannaCry kilipoenea duniani kikifunga mafaili ya watu na kudai malipo. Hospitali za huduma ya afya ya umma Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimeshatoka tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Kompyuta zilizokuwa zimekipokea zilinusurika.

Kwa mtumiaji wa nyumbani ambaye hayuko tayari kuhama, Microsoft ilifungua mpango wa nyongeza unaoendeleza viraka vya usalama vya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Mashine inatakiwa iwe na toleo la 22H2, na mwenyewe ajiandikishe kwa akaunti ya Microsoft kupitia ukurasa wa masasisho kwenye Settings. Anaweza kulipia dola 30, au akajiandikisha bila malipo kwa kukubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Huko ni kununua muda wa kujipanga, na kwa mwenye duka muda huo una thamani.

"Kupiga Windows" ni kufanya nini hasa?

Mtaani tuna neno moja kwa kazi tatu zisizofanana hata kidogo, na kila moja inayatendea mafaili yako kwa namna yake.

Ya kwanza ni kupandisha toleo. Kompyuta inawaka kama kawaida, unaanzisha kazi ukiwa ndani ya Windows 10 yenyewe, na Windows 11 inaingia juu yake. Kuna ukurasa utakaokuuliza ubakize nini. Ukichagua "Keep personal files and apps", mafaili na programu zako zinabaki. "Keep personal files only" inabakiza mafaili na kuondoa programu. "Nothing" maana yake ni hiyo hiyo: hakibaki kitu. Nimemwona mtu aliyechagua hilo la mwisho akidhani linamaanisha "hakuna cha kuondoa". Usiupite ukurasa ule kwa kubonyeza tu Next.

Ya pili ni kuirudisha kompyuta katika hali ya mwanzo, ile inayoitwa "Reset this PC". Hapa hubadilishi toleo. Unaisafisha Windows uliyonayo. Nayo inauliza: ibakize mafaili au iondoe kila kitu? Hata ukichagua kubakiza, programu ulizoweka mwenyewe zitaondoka.

Ya tatu ndiyo mafundi wengi wanayoifanya, kwa sababu ni ya haraka na haina maswali mengi: kuwasha kompyuta kwa flashi na kuweka Windows upya kabisa. Hapo utafika kwenye ukurasa unaoonyesha diski yako imegawanywa vipi. Fundi mwangalifu ataigusa sehemu yenye Windows peke yake. Mwenye haraka atafuta sehemu zote, ikiwemo D, ile sehemu nyingine ya diski unayotunzia vitu, kisha aanze na diski nyeupe. Kuna hali ya katikati ambayo imewaokoa wengi: Windows mpya ikiwekwa juu ya sehemu ile ile bila kuifomati, vitu vya zamani vinasukumwa ndani ya folda inayoitwa Windows.old, na folda zako unaweza kuzikuta humo ndani ya Users. Kwa hiyo ukirudishiwa mashine ukaikuta tupu, kabla hujalia, fungua C uitafute folda hiyo. Ifungue mapema, maana Windows inaweza kuifuta yenyewe baada ya siku kumi.

Kama ilifomatiwa, acha kuitumia mashine dakika hiyo hiyo. Kwenye diski za zamani zinazozunguka, kufomati kwa haraka kunafuta orodha ya vitu, si vitu vyenyewe, na programu za kufufua mafaili zinaweza kuvipata ikiwa hujaandika vingine juu yake. Mimi niliitumia mashine yangu wiki nzima kabla ya kumwona mtu anayejua kazi hiyo. Alichopata ni dakika kumi na moja za sauti ya bibi. Kwenye SSD, yaani diski za kisasa zisizozunguka, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu Windows huiarifu diski kwamba nafasi zile hazina kazi tena, nayo huzisafisha yenyewe. Kilichofutwa huko mara nyingi hakirudi.

Nakuomba basi, ukimpelekea fundi kompyuta, usimwambie "nipigie Windows". Mwambie: "Pandisha toleo, bakiza mafaili na programu." Au: "Weka upya, nimeshahamisha vitu vyangu, unaweza kufuta diski yote." Naye asiulize kama una kitu kwenye C. Aifungue Desktop mbele yako, akuonyeshe kwa kidole, akuulize: "Hivi umeshavitoa?"

Mashine kupokelewa au kukataliwa

Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, na tangu siku ya kwanza ilikuja na masharti. RAM isipungue gigabaiti 4, diski isipungue gigabaiti 64, na hayo wengi wanayatimiza. Yanayowakwamisha watu ni mawili: prosesa na TPM.

TPM ni kijichipu kinachotunza funguo za siri za kompyuta mahali ambapo programu za kawaida haziwezi kuzisoma. Windows 11 inataka toleo la 2.0. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, utaona kama ipo na ni toleo gani. Ukiambiwa haipo usikate tamaa mapema. Kwenye kompyuta nyingi ipo ila imezimwa kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kabla Windows haijawaka, ikijificha nyuma ya jina la PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD.

Prosesa haina ujanja huo. Kwa Intel, orodha ya zinazokubaliwa inaanzia kwenye kizazi cha 8 ukiacha chache sana, na kizazi unakisoma kwenye jina lenyewe. Core i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Hii ni elimu ya kwenda nayo Kariakoo. Laptop mbili zinaweza kukaa meza moja, zimefanana rangi hadi kibandiko, moja ikiwa 840 G3 ya kizazi cha 6 na nyingine 840 G5 ya kizazi cha 8. Kwa Lenovo, ThinkPad T460 inakataliwa na T480 yenye prosesa ya kizazi cha 8 inapokelewa. Muuzaji akikuambia "hii ni i5, inapiga Windows 11", muulize i5 ya ngapi.

Zipo njia za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine isiyokubaliwa. Programu ya Rufus inaweza kuandaa flashi inayoruka ukaguzi. Inafanya kazi. Lakini Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na masasisho ndiyo sababu yote ya kuhama. Kwa kompyuta ya kuchezea nyumbani sina neno. Kwa kompyuta inayoingiza riziki sishauri.

Tahadhari moja zaidi hapa, kwa wanaopenda kujaribu wenyewe. Windows 11 inataka kompyuta iwashwe kwa mfumo wa UEFI, na nyingi za zamani zimewekwa kwenye Legacy, yaani mfumo wa kuwasha uliotangulia. Ukiingia BIOS ukabadilisha tu kutoka Legacy kwenda UEFI, kuna uwezekano mkubwa kompyuta isiwake, kwa sababu diski bado imepangwa kwa mtindo wa zamani. Diski ndiyo inayogeuzwa kwanza, na Windows ina chombo chake cha kazi hiyo kinachoitwa mbr2gpt, kinachogeuza bila kufuta vitu. Usikiguse kabla hujawa na nakala ya kila kitu mahali pengine.

Ya dada ilikuwa 6300U. Tulikaa na daftari la mauzo, tukapiga hesabu, akaamua kununua G5 ya mtumba. Kazi yetu ikageuka: kutoka kupandisha toleo, ikawa kuhamisha duka zima kutoka mashine moja kwenda nyingine.

Vitu vinakaa wapi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sikuchomeka flashi yoyote kabla hatujaandika, kwa kalamu, kila kitu ambacho akikikosa Jumatatu asubuhi duka litasimama. Orodha ilianza na "mitihani" na "kadi", ikafika ukurasa wa pili. Hatua hii watu wanaiona ya kizamani, na mimi naiona ndiyo kazi yenyewe. Kompyuta haijui kipi ni cha thamani kwako.

Windows inampa kila mtumiaji folda yake ndani ya C, kwenye Users, yenye jina lake. Humo mna Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Music na Videos. Mtu akisema "vitu vyangu" mara nyingi anamaanisha hivi, na kwa bahati ndivyo vilivyo rahisi kunakili. Downloads ndiyo inayodharauliwa. Watu wanaiona kama kapu la takataka, kumbe kwa mwenye steshenari ndimo vinamoangukia vyeti vya wateja, na matokeo ya kidato cha nne ambayo mwenyewe anadhani "yako WhatsApp".

Nje ya folda ya mtumiaji kuna Users\Public, ambayo watu wachache huifungua. QuickBooks, kwa mfano, kwa kawaida huweka vitabu vya kampuni humo ndani. Mtu ananakili folda yake yote, anaridhika, na hesabu za miaka mitano zinabaki nyuma. Kama unatumia programu ya hesabu ya aina yoyote, usibahatishe. Tafuta sehemu yake ya kutengeneza nakala ya akiba, uitumie hiyo, kisha ujaribu kuifungua nakala kwenye mashine mpya kabla hujaifuta ya zamani.

Barua pepe inategemea unaisomea wapi. Anayefungua Gmail kwenye kivinjari hana cha kuhamisha. Anayetumia Outlook ya mezani anaweza kuwa na faili moja kubwa lenye mwisho wa .pst, ambalo mara nyingi liko ndani ya Documents kwenye folda ya Outlook Files, na ndani yake ndimo zilimo barua zote. Chrome na wenzake nao wanatunza alama za kurasa na maneno ya siri. Ukiwa umeingia kwa akaunti vitakufuata vyenyewe. Kama hujaingia, unaweza kuvitoa kama faili, ila faili la maneno ya siri linatoka likiwa wazi, mtu yeyote akilifungua anasoma. Lihamishe, litumie, lifute siku hiyo hiyo.

Programu zenyewe hazihami kwa kunakiliwa. Faili ni kama mchele kwenye gunia: popote utakapolishusha ni mchele ule ule. Programu ni mti. Folda yake ndani ya Program Files ni shina tu, mizizi imetawanyika kwenye sajili ya Windows, lile daftari lake la ndani la mipangilio, na kwenye folda nyingine kadhaa. Ukilikata shina na kulipeleka kwenye mashine mpya halitachipua. Unaandika majina ya programu unazozitumia kweli, unazipakua upya kwa watengenezaji wenyewe, na unahakikisha namba za leseni unazo. Dada alikuwa na programu 61. Alizokuwa anazitumia zilikuwa tisa.

Mojawapo ya hizo tisa ni Publisher, anayotengenezea kadi. Wenye steshenari wenzake walijue hili: Microsoft imetangaza kuiacha Publisher ifikapo Oktoba 2026. Kadi na fomu mnazozihitaji baadaye zihifadhini pia kama PDF, wakati programu bado inafunguka.

Wingu linaloficha mafaili

Hapa ndipo siku hizi watu wanapopotelea, na ni fumbo kuliko ile C na Desktop yangu.

Ukiingia kwenye Windows kwa akaunti ya Microsoft, OneDrive, yaani ghala la Microsoft la mtandaoni, inaweza kuanza kuhifadhi humo Desktop, Documents na Pictures zako. Ikifanya hivyo, folda hizo zinahamia ndani ya folda ya OneDrive hapo hapo kwenye kompyuta. Njia iliyokuwa Users, jina lako, Desktop, sasa ni Users, jina lako, OneDrive, Desktop. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Lakini fundi akienda kwenye Desktop ya zamani kunakili, anaikuta tupu au nusu, na kwa nia njema kabisa anasema, "Kaka, huku hamna kitu."

Kisha angalia alama ndogo iliyo pembeni ya kila faili. Tiki ya kijani maana yake faili lipo kwenye diski yako. Kijiwingu cha bluu maana yake halipo. Unachokiona ni jina na picha tu, faili lenyewe liko mtandaoni na litapakuliwa siku utakayolifungua. Ukinakili folda yenye vijiwingu mia mbili kwenda kwenye diski ya nje, kompyuta itaanza kuvuta vyote kwa bando lako. Bando likiisha, kunakili kunakwama katikati. Dawa yake ni kubonyeza folda kwa kitufe cha kulia, kuchagua "Always keep on this device", na kusubiri vijiwingu vyote vigeuke tiki kabla ya kunakili chochote. Sisi tuliiacha ikipakua usiku kucha.

Nafasi ya bure ya OneDrive ni gigabaiti 5. Ikijaa inaacha kupandisha vipya. Mtu anaendelea kuamini kwamba vitu vyake viko salama mtandaoni, wakati vya miezi sita iliyopita havijawahi kufika huko.

Chombo cha kubebea

Duka la dada lilikuwa na gigabaiti 120. Kwa flashi ya kawaida inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde, hiyo ni saa tatu na dakika ishirini. Kwa SSD ya nje kwenye tundu la USB 3, inayoandika megabaiti 100 au zaidi, ni dakika ishirini. Matundu ya USB 3 mara nyingi yana rangi ya bluu ndani, au alama ya SS pembeni.

Jihadhari sana na flashi za terabaiti 2 zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani zinaweza kuwa na gigabaiti 32 au pungufu, zikiwa zimefundishwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Zitapokea mafaili yako yote bila kulalamika, majina yote utayaona, na ukija kuyafungua hayana kitu ndani. Programu ya H2testw inaijaza flashi kwa data ya majaribio kisha inaisoma tena, na hapo ndipo ukweli wake unapojulikana. Jaribu flashi mpya kabla ya kuiamini.

Flashi ikikuambia faili ni kubwa mno ilhali nafasi bado ipo, imefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofikia gigabaiti 4. Video ya harusi inaweza kulipita hilo. Ifomati kwa exFAT, ukikumbuka kwamba kufomati kunafuta kilichomo.

Kwa wasioogopa kuandika amri, Windows ina robocopy, ambayo ikikatizwa ukaiendesha tena inaruka ilivyokwisha nakili na kuendelea na vilivyobaki. Kwa mahali ambapo umeme unakatika, hiyo si anasa. Iongezee /E ichukue folda zote, /XJ isiingie kwenye njia za mkato zinazozunguka, na /R:1 isije ikajaribu faili bovu mara milioni moja, maana ndivyo ilivyopangwa isipokatazwa. Usiipe /MIR kama huijui vizuri. Hiyo inafuta kwenye chombo unachopelekea kila kisichokuwepo kwenye unakotoa.

Nakala ikikamilika, linganisha. Bonyeza folda ya zamani kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, soma idadi ya mafaili na ukubwa. Fanya vivyo hivyo kwenye nakala. Kisha fungua machache kutoka kila folda, hasa makubwa na ya zamani. Na nakala ya pili ilazwe nyumba nyingine. Mwizi akibeba begi la laptop anabeba na diski iliyomo.

Siku ya kuhama

Mengi ya siku hiyo ni kusubiri. Chomeka chaja, hata kama betri imejaa. Ikiwa utapakua Windows 11 mwenyewe, andaa zaidi ya gigabaiti 5 za bando na flashi isiyopungua gigabaiti 8, na uipakue kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Leseni ya Windows 10 iliyo halali inakupandisha bila malipo, kwa hiyo usiingize kile kiprogramu cha kudanganya leseni kinachopitishwa mkono kwa mkono. Utakuwa umehama kutafuta usalama, kisha ukamfungulia mgeni mlango kwa mkono wako.

Kitu kimoja kitafutwe kabla hujagusa lolote: ufunguo wa BitLocker. Kompyuta nyingi za sasa zinafunga diski kwa siri bila mwenyewe kujua, na mabadiliko kwenye BIOS yanaweza kuifanya idai namba yenye tarakimu 48 kabla ya kuwaka. Namba hiyo kwa kawaida inatunzwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiwasha mara ya kwanza. Iandike kwenye karatasi. Asiye nayo hawezi kusaidiwa na fundi yeyote, na ndivyo ilivyokusudiwa. Ukinunua mtumba, hakikisha hakuna akaunti ya mtu mwingine ndani yake.

Ukipandisha toleo kwenye mashine ile ile na usiipende hali yake, una siku kumi za kurudi Windows 10 kupitia Settings, kwenye sehemu ya Recovery. Zitumie siku hizo kujaribu printa, skana na kila kitu kwenye orodha yako ya kalamu. Usiifute Windows.old kwa tamaa ya nafasi.

Ile G3 hatukuitupa. Niliifungua, nikaitoa diski yake ya zamani nzima kama ilivyo, nikaweka SSD mpya na kuipa Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, pamoja na LibreOffice ya kuandikia nyaraka. Sasa kijana wake wa dukani anachapia barua na mitihani, na viraka vinakuja kila wiki. LibreOffice inatokana na OpenOffice, ile ile ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitafsiri kwa Kiswahili miaka ya 2000 kwa jina la Jambo OpenOffice. Huwa nafurahi kila nikikumbuka kwamba tuliwahi kuwa na kompyuta inayosema "faili" na "hariri" kwa lugha yetu, na natamani kazi ile ingeendelezwa.

Diski ya zamani niliiandika tarehe, nikaifunga kwa nailoni, dada akaiweka kwenye droo. Wiki ya tatu akanipigia. Mteja amerudi na kadi ya mwaka 2019, anataka ile ile kwa ajili ya mdogo wa bibi harusi. Faili lilikuwepo na lilifunguka, ila majina yalitoka kwa maandishi ya kawaida, yamepishana na maua. Fonti ya kadi haikuhama. Fonti ambazo mtumiaji anajiwekea mwenyewe Windows huzihifadhi kwenye AppData, folda iliyofichwa ndani ya folda yake, na kwenye kurasa zetu mbili za kalamu hatukuandika neno fonti hata mara moja. Nikaichomeka diski kwa waya wa kugeuzia USB, nikaruhusu vitu vilivyofichwa vionekane, nikafuata AppData, Local, Microsoft, Windows, Fonts. Zilikuwemo 34. Kadi ilichapwa jioni ile.